Mbiu Isiyo na Baba

Wiki iliyopita nilisimama katikati ya barabara nikazuia gari la spika. Wajukuu zangu wanasema nimewatia aibu mbele ya mtaa wetu mzima wa Rasbura. Yawezekana. Gari lilikuwa linakuja polepole, pembe zake za bati juu ya paa, sauti inasema, "Wananchi wote mnatangaziwa kwamba..." Nikanyoosha fimbo. Dereva akakanyaga breki, vumbi likanimwagikia mpaka kwenye kofia.

"Shikamoo babu. Utagongwa wewe."

"Marahaba. Nani anatangaza?"

"Si ndiyo mimi hapa?"

"Wewe ni mdomo. Nakuuliza mwenye maneno."

"Babu, mimi nimepewa kaseti tu. Naomba njia."

"Basi hujatangaza kitu. Umepiga kelele."

Alicheka, akanizunguka kwa kupitia penye meza ya mama muuza mihogo, na mama huyo akamtukana vizuri kwa sababu hiyo. Lakini mjukuu wangu wa kike, yule mwalimu, hakucheka. Akaniambia, "Babu, kuliko kusimama barabarani uuawe, andika." Akaninunulia karatasi. Basi ninaandika. Nilisoma chuo cha Kurani mpaka Juzuu Amma, na shule ya serikali nilikaa mpaka mwalimu aliponichoka, kwa hiyo mkiona mstari unapanda mlima, ufuateni tu, utashuka.

Mimi nilikuwa mpiga mbiu wa mji wa Lindi wakati wa Mwingereza. Nyinyi mnajua methali, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini mtu mwenyewe wa kuipuliza hamkumwona. Ndiye mimi. Nilikuwa na pembe la tandala, refu, limejipinda, tundu lake la kupulizia limelainika kwa midomo ya waliokufa kabla yangu. Maiti, mimi. Mtoto aliyepotea, mimi. Simba kaonekana njia ya Kilangala, mimi. Daktari wa ndui anakuja, watu wajifiche, samahani, watu wajitokeze, mimi.

Msidhani ni kupayuka. Kazi hii ina ufundi wake. Sauti haitoki kooni, inatoka chini ya kitovu. Ukiitoa kooni, ikifika adhuhuri unabweka kama mbwa mwenye mfupa. Maji ya baridi ya mtungi usiyaguse kabla ya kazi. Tafuna tangawizi, meza mate yake. Hapa Rasbura ukisimama na upepo wa bahari mgongoni, maneno yanapanda mtaa mzima yenyewe. Ukiupa upepo uso, unajitangazia mwenyewe. Na usipige mbiu wakati wanawake wanatwanga. Subiri mchi upumzike. Mke wangu Somoe alikuwa akisema, "Mwanamume pekee wa Lindi anayesubiri wanawake wamalize kusema ni mume wangu, na analipwa kwa hilo."

Aliyenifundisha alitoka Kivinje, Mzee Chande, mtu mwembamba mwenye jicho moja lililofunga. Mwezi wa kwanza hakunipa pembe kabisa. Alinifundisha utaratibu. Unapuliza. Watu wanatoka. Kabla hujasema jambo lolote unamtaja mwenye mbiu: hii ni mbiu ya Liwali, hii ni mbiu ya Binti Athumani aliyefiwa, hii ni mbiu ya fulani aliyepotelewa na mbuzi. Ndipo unasema jambo. Kisha unauliza, "Mmesikia?" Hapo mtu yeyote, hata mtumwa wa zamani, hata mwanamke aliye nyuma ya mlango, ana haki ya kutoa jibu. Na jibu hilo mpiga mbiu analibeba kama lilivyo, analirudisha kwa mwenye mbiu. Halipunguzwi chumvi wala haliongezwi. Na anayelibeba hapigwi, kwa sababu si lake.

"Mbiu ina baba," alikuwa akisema Mzee Chande. "Isiyo na baba usiipokee."

Mimi nilikuwa kijana, nikaona ni maneno ya wazee ya kupitisha siku. Akaja mchinjaji mmoja, akaniita pembeni, akaniambia niwatangazie watu kwamba nyama ya bucha la chini ni ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe. "Ila jina langu usilitaje," akasema. Mzoga, wajukuu zangu! Katika mji wa Waislamu! Nikapuliza, nikaruka pale pa kumtaja baba, nikasema jambo. Kumbe mwenye bucha la chini alikuwa amesimama hapo hapo, na kisu mkononi.

"Nani kasema?"

Nikaanza kulifuta pembe, kama kwamba lina vumbi.

"Nakuuliza, nani kasema?"

Watu wote wakanitazama mimi. Maneno yakakosa pa kwenda, yakarudi kulala kwangu. Nilikimbia mpaka kwa Mzee Chande, naye akacheka mpaka lile jicho lililofunga likatoa machozi. "Umezaa mtoto bila baba," akasema. "Sasa mlee." Akanizungusha mitaa yote, na pembe, nikitangaza: hii ni mbiu yangu mwenyewe, na ile ya jana ilikuwa yangu, na ilikuwa ya uongo. Toka siku hiyo nikaitwa Baba Mzoga. Nimezeeka nalo jina hilo. Somoe akikasirika alikuwa hakosi kulitumia.

Sasa nije kwa Nandonde, maana ndiye aliyenifanya nikashika kalamu, si dereva wa kaseti.

Nandonde alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mreno. Siku zile mashamba ya mkonge yaliyozunguka Lindi yalijaa manamba, vibarua wa mkataba waliotoka huko. Walivuka mto kwa sababu kule mtu alikuwa akichukuliwa barabarani, shambani, hata mezani, akapelekwa kazi ya lazima, na akirudi mkewe hamtambui. Nandonde alikata mkonge karibu na Kilangala, miiba imemchora mikono mpaka mabegani, na Jumapili alikuja mjini na wenzake kucheza kinyago.

Tulikuwa tunataniana sana. Mimi nikimwambia, "Nandonde, leo panya amekosekana porini, umekuja kutumalizia wa mjini?" Naye: "Nyie watu wa pwani mnakula pweza, mnyama asiye na hata mfupa wa kumshikia, halafu mnamcheka panya mwenye mifupa yake kamili! Nnungu awasamehe." Nnungu ndiye Mungu kwa Kimakonde.

Kinyago chake kilikuwa kichwa cha mti mwepesi, chekundu kama aliyeungua jua, kofia ngumu ya kizungu juu, na masharubu ya nywele za kweli. Za nani, sikuuliza. Kinatoka kinatembea kimebinua matako, kinahesabu watu kwa fimbo: wewe, wewe, wewe. Kikifika mwisho kinasahau, kinaanza tena. Wanawake walikuwa wanakaa chini kwa kicheko. Kisha ngoma zinanyamaza ghafla, mtu anaimba kutoka ndani ya kile kichwa. Aliimba Kimakonde. Kwa Kiswahili ni hivi:

Ruvuma, nivushe taratibu,
nina maneno mdomoni yasimwagike.
Mwenye kofia kamchukua kaka yangu
mkono bado una tonge.
Mama, funika chakula.
Chakula kimepoa.

Hapo kicheko kilikuwa kinakufa. Maana tulijua kaka ni kaka kweli. Alichukuliwa wakiwa wanakula sahani moja, Nandonde akaruka dirishani. Na kule mtoni kwa Wareno jina la Nandonde lilikuwa linajulikana kama la mtoro.

Kwa desturi yao anayecheza ndani ya kinyago hana jina. Hata ukimjua kwa kisigino chake, husemi. Sote tulimjua Nandonde kwa kisigino, na sote hatukusema.

Basi, baada ya vita vya Hitla, ikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa Wareno atafika Lindi kwa meli kuzungumza na Bwana Shauri, yaani yule Mwingereza mkuu wa wilaya. Mazungumzo ya mpaka, na watu wanaovuka. Nikaitwa bomani asubuhi. Nikamkuta Bwana Shauri amekaa barazani na kiko chake, soksi zimefika magotini, na Liwali wetu pembeni, joho na kilemba kama siku ya Idi.

Liwali akaniambia, "Utapiga mbiu leo mji mzima na makambi ya mkonge. Wazee wa mji wamekubaliana kwamba kinyago cha mwenye kofia na nyimbo zake ni marufuku. Atakayecheza au kuimba atavushwa Ruvuma siku hiyo hiyo, akabidhiwe kwao."

Kumvusha Nandonde ilikuwa ni kumtia mkononi mwa waliomchukua kaka yake.

"Liwali wangu," nikasema, "wazee hao wamekubaliana lini? Mzee Chande ni mzee wa mji, nimemwacha sasa hivi anakunywa uji, hajui habari hii."

"Wewe ni mpiga mbiu au kadhi?"

"Mpiga mbiu. Ndiyo maana nauliza baba."

"Sikiliza, Baba Mzoga..."

Bwana Shauri akainua kiko, Liwali akanyamaza. Kiswahili chake yule Mwingereza kilikuwa kizuri, kimejikaza kidogo, kama mtu anayetembea na viatu vipya. Akaniambia, "Saidi, huyu ni jirani yetu. Jirani akija kwako, utawaacha watoto wako wamwimbie kwamba ni mwizi?"

"Kama hakuiba, Bwana, nitawachapa watoto. Kama kaiba, nitafunga jiko."

Hakukasirika. Alinieleza, na mimi nawaelezeni nyinyi kwa haki, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alisema mto ni mrefu na askari wake ni wachache. Alisema kuna akina mama upande huu wenye wazazi upande ule, na njia ya kuwaruhusu waonane ni mazungumzo, na mazungumzo hayaanzi kwa tusi. Mgeni ameshasikia habari za wimbo ule kabla hajapanda meli. Ameomba unyamazishwe.

"Basi mbiu ni ya mgeni," nikasema. "Nitaipiga. Hii ni mbiu ya mkubwa wa Wareno, anaomba msiimbe."

"Hilo haliwezekani. Watu watasema Mreno anatawala Lindi."

"Basi nitasema ni mbiu ya Bwana Shauri."

"Hilo pia sitaki. Watasema namwogopa."

"Kwa hiyo wazee ndio waogope?"

Akatazama kiko chake. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nalitafuna. "Nandonde anaficha uso anapomtukana mgeni wangu. Mimi nikificha jina langu, nimekosa nini kuliko yeye?"

Liwali alikuwa ananikodolea macho. Nikafikiri juu ya bucha la chini. Mwisho nikasema, "Bwana, mwenye kinyago haamrishi mtu. Akimaliza kuimba, kila mtu anakwenda kwake kula. Mbiu inaamrisha. Anayeimba na avae. Anayeamrisha avue."

"Na ukiambiwa lazima?"

"Bwana, pembe hili nitalipuliza kwa jina la yeyote utakayemtaja aliye baba kweli. Bila baba sipulizi."

Liwali akanyoosha mkono. Nikampa pembe. Lilikuwa la mji, halikuwa langu. Nikashuka kilima mikono mitupu, na nawaambia, mikono mitupu ni mizito.

Nyumbani Somoe aliniuliza, "Umefukuzwa?"

"Sijui."

"Ungepiga tu, mume wangu. Maneno ya wakubwa yanapita kama mvua."

"Hii ingepita na Nandonde."

Alinitazama, akarudi jikoni. Baadaye akaniletea uji wa mtama nisiouomba, akasema, "Kula, Baba Mzoga," na safari hii jina halikuwa na ukali.

Pembe alipewa tarishi wa boma. Kijana mzuri, mrefu, sauti anayo. Lakini kila mpiga mbiu ana pumzi yake, na watu walijua mara moja kwamba pembe linapulizwa na mtu mwingine. Wakatoka kuona nani kafa. Tarishi akasimama uso kwa upepo, akaanza, "Hii ni mbiu ya wazee wa mji!" Wazee wenyewe walikuwa wamekaa hapo hapo barazani wanacheza bao. Mzee Chande akainua kete, akageuza lile jicho zima.

"Ya nani?"

"Ya wazee, mzee."

"Sisi?" Akawageukia wenzake. "Jamani, mmezaa lini?"

Mtaa mzima ulivunjika mbavu. Tarishi, maskini, akamaliza maneno yake ndani ya kicheko, hakuuliza hata "Mmesikia?" Kule kambini Nandonde naye alisikia pembe, akauliza ni ya nani, akaambiwa, akarudi kubandika masharubu ya kinyago.

Nilimwendea. Nilimkuta nyuma ya kambi, kinyago mapajani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi sikuipiga, lakini adhabu iliyomo ni ya kweli. Kaa kimya mpaka meli iondoke."

"Wewe pembe lako liko wapi?"

"Kwa Liwali."

"Wewe umetoa pembe, mimi nitoe kinyago?" Akapuliza vumbi la mti. "Saidi, nilipokuwa kule nilinyamaza. Siku ile dirishani nilinyamaza. Huyu mtu anakuja mwenyewe mpaka mlangoni pangu, halafu ninyamaze tena? Nikinyamaza huku, kuvuka mto kulikuwa na faida gani?"

Nikaondoka. Watu wenye akili walinilaumu baadaye kwamba ningemfunga kamba.

Siku ya meli mji ulifagiliwa. Mgeni akapandishwa kutoka gatini kwa miguu, Bwana Shauri kando yake. Walipofika uwanjani ngoma zikalia, kinyago kikatoka, kimebinua, kinahesabu. Sasa balaa lilikuwa hili: kofia aliyoivaa mgeni na kofia ya kinyago zilikuwa kama zimetoka duka moja. Na masharubu vilevile. Watu walijitahidi sana. Nilimwona Liwali ameziba mdomo kwa ncha ya kilemba, mabega yanamtikisika. Mgeni hakucheka. Kisha ngoma zikanyamaza, na wimbo ukaanza, mpaka kwenye chakula kimepoa.

Askari wakaingia. Wamakonde wakakizunguka kinyago, kama ilivyo desturi, na walipotawanyika palikuwa na kichwa cha mti mchangani na hakuna mtu.

Kesho yake asubuhi ikawekwa baraza. Liwali anahukumu, Bwana Shauri amekaa kulia kwake, na mgeni kushoto na mkalimani wake, maana alitaka kuona kwa macho. Manamba wa kambi ile wamesimamishwa juani.

"Nani alikuwa ndani ya kinyago?" akauliza Liwali.

"Kinyago hakina mtu," akajibu mzee wao. Na hayo ndiyo majibu ya kila mmoja aliyeulizwa.

Mgeni akanong'ona na mkalimani, mkalimani akasema, "Bwana wangu anasema, kama hakuna mmoja, basi wavushwe wote."

Mle juani walikuwemo watu wenye watoto waliozaliwa Lindi. Ndipo Nandonde akatoka mbele. Wenzake wakageuza nyuso upande, maana alichotaka kufanya kwa desturi yao ni aibu kubwa kuliko kuvua nguo.

"Ni mimi," akasema. "Mle ndani nilikuwa mimi, Nandonde. Uso ndio huu."

Sauti ilikuwa ndogo. Yule aliyezoea kuimba kutoka ndani ya mti, nje ya mti hakuwa na sauti kubwa.

Liwali akakohoa. "Ulisikia mbiu?"

"Nilisikia pembe, Liwali. Nikauliza ya nani. Nikaambiwa ya wazee. Wazee wanasema si yao."

Wazee wakaguna kukubali. Nikajikuta nimesimama. Sikupanga. Somoe, aliyekuwa nyuma na wanawake, alisema kwa sauti, "Haya sasa," na sikujua ananikemea au ananisukuma.

"Liwali wangu," nikasema, "mbiu ilipigwa, na watu wametoa jibu. Jibu hilo linanikaa tumboni. Desturi inanitaka nilirudishe kwa mwenye mbiu. Naomba nionyeshwe nimpe nani."

"Huna pembe, huna mbiu. Kaa."

"Pembe linachukuliwa, Liwali. Jibu halichukuliwi. Nimpe nani? Wazee wamekataa. Ni lako? Ni la mgeni wetu huyu?"

Liwali akamtazama Bwana Shauri. Bwana Shauri alikuwa anamtazama Nandonde, yule mtu mwenye mikono iliyochorwa na miiba, amesimama juani na uso wake mtupu. Kiko kilikuwa kimezimika, hakukiwasha.

Akasimama. "Mbiu ni yangu," akasema.

Mzee Chande, na uzee wake, akauliza kutoka mkekani alipokuwa amekaa, "Samahani, Bwana. Ni yako tangu lini?"

Hapa ndipo palipokuwa na roho ya mtu. Angesema tangu juzi, na nani angembishia? Nandonde angekuwa amevunja amri ya serikali, na boti ya kumvusha ilikuwa tayari. Mgeni alikuwa anasubiri asikie hivyo.

"Tangu sasa," akasema Bwana Shauri.

Mbiu inaanza siku baba anapotajwa. Hata Liwali hakuhitaji kufundishwa hilo. Wimbo wa jana ulikuwa umeimbwa kabla ya marufuku. Liwali akapiga meza, akasema hakuna kesi, na marufuku inaanza leo.

Sikupata kumuuliza Bwana Shauri kwa nini, na yeye hakupata kuniambia. Alinigeukia tu. "Nipe jibu langu, Saidi."

Nikamsogelea, nikaupa upepo mgongo, nikatoa sauti chini ya kitovu. "Hii si yangu. Hili ni jibu la watu wa Lindi na watu wa makambi kwa mbiu ya Bwana Shauri." Kisha nikalisema lote, Ruvuma nivushe taratibu, mwenye kofia, mkono una tonge, mama funika. Sikuimba. Nililisema kama ninavyotangaza maiti, polepole, neno kwa neno. Chakula kimepoa. Mgeni akamuuliza mkalimani wake nimesema nini. Yule mkalimani, naye alikuwa mtu mweusi wa kulekule, alitazama viatu vyake, akamjibu kwa maneno machache kuliko niliyoyasema. Sijui aliyaacha yapi. Mgeni akavaa kofia yake, akainuka.

Msidhani hadithi inaishia kwenye vigelegele. Meli iliondoka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Yale mazungumzo ya akina mama kuvuka kuwaona wazazi wao hayakufika popote, mwaka ule wala uliofuata. Mwanamke mmoja wa Kilangala alinisimamisha sokoni akaniambia, "Umemwokoa mmoja, Baba Mzoga, umenifungia mto mimi." Sikumbishia. Nilimsaidia kubeba kikapu chake, akaniacha nikibebe, lakini hakunisemesha tena mpaka nyumbani kwake. Ningefanya tena nilivyofanya. Lakini kikapu kile nakikumbuka.

Pembe nilirudishiwa na tarishi, ananilalamikia kwamba midomo imemvimba. Na mbiu ya marufuku niliipiga mimi mwenyewe mji mzima, upepo mgongoni: hii ni mbiu ya Bwana Shauri. Watu walisikiliza, wakatii, kinyago kikawekwa kando. Nilipouliza mmesikia, wakajibu, "Tumesikia. Mwambie chakula kimepoa." Nikapanda kilima kumpelekea. Kila niliporudia mbiu, walirudia jibu, na mimi nikapanda.

"Jibu ni lile lile?" alikuwa akiuliza.

"Lile lile, Bwana."

Anaitikia kwa kichwa, ananiruhusu niende.

Kisha akahamishwa. Alipanda meli bila ngoma wala bendi, na mimi nilikuwa gatini kwa sababu zangu. Hakuna aliyemweleza mkubwa mpya kwamba mbiu hufa baba yake akiondoka, na kwamba akiitaka aizae upya. Sikumweleza mimi. Hakuniuliza.

Jumapili iliyofuata Nandonde alikuja mpaka mlangoni kwangu, amevaa shati safi. Alikataa kukaa.

"Baba wa mbiu yuko wapi?"

"Kapanda meli."

"Una hakika?"

"Nilimwona kwa macho yangu. Alinipungia mkono."

"Basi," akasema, akaondoka mwendo wa haraka kuelekea Kilangala, na kabla jua halijafika utosini tulisikia ngoma.

Kaka yake hakurudi. Mpaka Nandonde anazikwa, mkewe alikuwa anafunika sahani moja ya ziada, na wageni tulijua tusiifunue.

Mjukuu wangu mwalimu amesoma mpaka hapa, akaniuliza nataka vijana wafanye nini sasa, maana mbiu zimekwisha. Nikamwambia mbiu hazijakwisha, zimepata betri. Gari la spika hupita Rasbura kila Alhamisi. Fimbo yangu iko nyuma ya mlango.